Mtoto wa Mkafuri

Mti haukuangushwa na tufani. Tufani ilivuma usiku kucha, ikang'oa mabati ya soko, ikalaza migomba yote ya bondeni, kisha ikaenda zake baharini na kuuacha mkafuri wa hekalu umesimama. Ulianguka asubuhi iliyofuata, jua likiwaka, majani yametulia tuli, na watu wako nje wanazoa matope. Fung-kiau alikuwa anakamua tambara mlangoni pa karakana yake aliposikia mlio kama wa turubai linalochanwa, kisha ardhi ikatikisika chini ya ndara zake. Kunguru wakaruka kilimani. Barabara nzima ikasimama, mafagio mikononi.

Halafu mama mkwe wake akapiga ukelele chumbani. Haukuwa ukelele wa mtu aliyeshtuka. Ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Kim-sang! Kim-sang yuko wapi?"

"Yuko dukani, Mama. Anapangusa rafu."

"Mwite. Aje nimwone kwa macho yangu."

Kim-sang, mume wa Fung-kiau, akaja na tambara lake begani, kifua kikimlia filimbi kama kawaida. Bibi kizee akamshika mashavu, akamvuta hadi pua zao zikakaribia kugusana, akamwangalia kwa muda mrefu kama anayetafuta ufa kwenye sahani.

"Mama, ni mti tu," Kim-sang akasema.

"Nyamaza. Yule ni baba yako."

Pale mjini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kim-sang alizaliwa mtoto wa homa, mtoto wa kulia hadi anageuka bluu, na wenzake wawili waliomtangulia walikuwa wameshazikwa. Mama yake akampandisha kilimani akiwa amemfunga mgongoni, akachoma udi, akampa mkafuri awe mwanawe, ili uzima wa mti uwe uzima wa mtoto. Watoto wa namna hiyo walikuwa wengi wakati ule. Wengine walishahamia Taipei, wakanunua nyumba za ghorofani, wakasahau kwamba waliwahi kuwa na baba mwenye majani. Bibi kizee hakusahau. Na sasa mtoto mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na moja aliyekereza mbao tangu ujana, mpaka vumbi likamjaa mapafuni na daktari akampiga marufuku kutia mguu karakanani. Kerezo, mashine ya kuzungushia mbao, likaachwa kwa mkewe. Yeye akakaa dukani mbele, kuuza na kukohoa.

Kuanzia siku ile bibi kizee akaacha kula.

Wakamwita tabibu. Akampima, akasema mzee ana afya kumshinda yeye mwenyewe. Fung-kiau akapika uji wa wali na mboga za chumvi, akapika supu ya tangawizi, akapika hata mayai ya bata ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyanusa. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyotoka.

"Mama, unataka nini?" Kim-sang akauliza, amepiga magoti kando ya kitanda.

"Nileteeni kipande chake. Kikiwa ndani ya nyumba hii, na wewe umo ndani ya nyumba hii."

Kumbe kamati ya hekalu ilikuwa imeshaukatakata mti na kumwahidi gogo kubwa mchonga sanamu mmoja wa Taichung. Matawi yalipangwa nyuma ya hekalu chini ya turubai. Fung-kiau akavaa blauzi safi, akapanda kilimani.

Mwenyekiti, Mzee Lo, alikuwa anakunywa chai na wenzake kwenye meza ya mawe. Hakumkaribisha kiti.

"Wewe ni mtoto wa mti?"

"Ni mume wangu, Mzee."

"Basi aje mume wako. Au siku hizi hata miguu yake umeichukua wewe?"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya sana, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwingine akadakia, "Tukimpa huyu mbao, atatutengenezea yale mabuyu yake yaliyopinda. Eti shemeji, yale huwa unayakereza ukiwa umelewa?"

"Yanapinda yenyewe," Fung-kiau akasema. "Mti mbichi haukubali kukaa kama ulivyouacha."

"Basi mti huo umefanana na mke wangu."

Wakacheka tena. Akainama, akashuka.

Hakumwambia Kim-sang walichosema, lakini Kim-sang alikuwa ameishi na uso ule miaka mingi. Akatundika tambara, akatafuta viatu vyake vya kwenda arusini. Mkewe akamwambia angoje, atamkodia pikipiki impitishe njia ya nyuma. "Nitapanda kwa ngazi," akasema. "Wanione napanda kwa ngazi."

Wakamwona. Walimwona anasimama kwenye kituo cha kwanza ameshika ukuta, wakamwona anasimama cha pili ameinama na mikono magotini, na alipofika juu hakuweza kusema. Alikuwa amefungua mdomo kama samaki sokoni. Aliwahi kucheza mpira na nusu ya wazee wale. Vikombe vya chai vikawekwa chini. Hakuna aliyetania.

"Mpeni," Mzee Lo akasema haraka, akiangalia pembeni. "Achague anachotaka. Jamani, mpeni tu."

Kim-sang angeweza kuvumilia kukataliwa. Huruma ile hakujua pa kuiweka. Chini ya turubai akaonyesha kidole kipande cha kwanza kilichokuwa karibu, kipande cha panda pale tawi linapoachana na shina. Hakukigeuza, hakukagua ncha zake, jambo ambalo angemfokea mwanafunzi yeyote kwa kutolifanya. Alitaka kuondoka mbele ya macho yale. Kijana mmoja wa kamati akakishusha kwa toroli.

Fung-kiau alipokimwagia maji na kukipangusa ndipo alipoona. Katikati kabisa ya mbao kulikuwa na nukta nyeusi, moyo wa mti, na pete zote za umri wake zimeuzunguka. Kipande chenye moyo ndani yake hupasuka. Kikikauka kinavutana, na kinapovutana kinapasukia moyoni. Alimtazama mumewe aliyekuwa amesimama nje ya dirisha la karakana, barakoa usoni. Naye alikuwa ameona. Akageuza macho.

"Kikereze chembamba," akamwambia kupitia kioo. "Chembamba kabisa, kama karatasi. Labda kitapinda badala ya kupasuka."

"Labda?"

"Una kingine?"

Hakuwa nacho. Alikigawa kile kipande viwili, nusu akaiweka kando ndani ya ndoo ya maji, nusu akaifunga kwenye kerezo.

Mti mbichi hauleti vumbi. Unaleta maji. Patasi ilipogusa tu, maji yakamrukia usoni, kifuani, kwenye nywele, na maranda yakatoka marefu na laini kama tambi, yakimwangukia mikononi. Harufu ya kafuri ikajaa karakana, ikapita jikoni, ikaingia vyumbani, kali na safi, mpaka macho yakatoa machozi. Alichimba ndani kupitia mdomo mdogo, akisikiliza zaidi ya kutazama, kwa sababu ndani hakuonekani. Alipokaribia mwisho akawasha taa ndogo nyuma ya chombo. Mwanga ukapenya mbao, kwanza mwekundu, kisha wa rangi ya chungwa. Palipong'aa sana, palipokuwa pembamba tayari, aliacha. Palipofifia aliendelea. Kilikuwa chombo chenye tumbo pana na shingo fupi, mdomoni ameacha gome la mti kama lilivyo. Si cha kuwekea chochote. Vya namna hiyo ndivyo alivyopenda, na ndivyo mama mkwe wake alivyovisema miaka yote kwamba ni kazi ya mtu aliyekosa kazi.

Alipozima mashine akahisi mtu nyuma yake. Bibi kizee alikuwa amesimama mlangoni, peku, nguo ya kulalia, ameshika fremu.

"Nipe."

"Bado kinachuruza maji, Mama."

"Nipe nilichosema."

Akakipokea kwa mikono miwili kama anayepokea kichanga kutoka kwa mkunga. Akakinusa. Maji yakamlowesha kifua cha nguo, hakujali. Jioni ile alikunywa uji, bakuli zima, na akauliza kama mboga za chumvi zimekwisha.

Fundi yeyote wa mti mbichi anajua kinachofuata. Chombo hufunikwa. Hutiwa ndani ya mfuko pamoja na maranda yake mabichi, ukafungwa, kikakauka polepole gizani bila kujua kwamba kinakauka. Fung-kiau akaja na mfuko wa karatasi.

"Unafanya nini?"

"Nakifunika, Mama. Upepo usikipige."

"Unamfunika mwanangu kama maiti?"

"Ndivyo kazi inavyotaka. Kisipofunikwa..."

"Kisipofunikwa nini?"

Fung-kiau akaukunja ule mfuko. Bibi kizee akakiweka juu ya kabati la chumbani kwake, mkabala na mlango, mahali pa wazi. Kila asubuhi alikitazama kabla ya kutazama kitu kingine. Na chombo kikawa kinatembea. Tumbo likabonyea upande mmoja, mdomo ukawa yai, shingo ikainama taratibu.

"Angalia," akawaambia majirani walioanza kuja kukiona. "Jana kilikuwa kimenyooka. Leo kinageukia mlangoni. Kinamsikiliza Kim-sang akipita." Kisha akapunguza sauti, lakini si vya kutosha. "Kikipasuka, sina mwana."

Fung-kiau alikuwa anapita na birika. Chai ikamwagikia sakafuni.

Tangu hapo hakuwa na raha. Mzee akienda msalani, yeye huingia na tambara bichi akakipangusa. Aliweka beseni la maji chini ya kabati, akasema ni la kuzuia mchwa. Alimzuia mtu yeyote kufungua dirisha la kaskazini. Kibaya zaidi, siku moja alimkuta Kim-sang amesimama mbele ya kabati, amejishika kifua kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono wa pili anapapasa ile nukta nyeusi kwenye kitako cha chombo.

"Na wewe?" akamwuliza.

"Na mimi nini? Nafuta vumbi."

"Kim-sang."

"Usiku nikikohoa sana," akasema bila kumtazama, "huwa nakiwaza. Najua ni upuuzi. Mimi ni fundi, najua mbao inavyokauka. Lakini huwa nakiwaza."

Fung-kiau akachovya tambara kwenye beseni, akakipangusa chombo.

Upepo mkavu wa kaskazini ulishuka mapema mwaka ule. Mchana mmoja bibi kizee alikuwa amesinzia kwenye kiti cha barazani, Kim-sang yuko na mteja dukani, na Fung-kiau anakunja nguo chumbani, aliposikia mlio mdogo mkavu, kama mtu amevunja kijiti cha kulia chakula. Hakuhitaji kuangalia. Aliangalia. Ufa ulianzia kwenye moyo, ukapanda tumboni, ukafika mdomoni na kuligawa gome. Kucha ingeingia.

Hakufikiri sana. Alikichukua chini ya shuka, akakimbia nacho karakanani, akakifukia kwenye lundo la maranda. Ile nusu ya pili aliyoiacha ndooni alikuwa ameshaikereza kimyakimya siku mzee alipopelekwa kukatwa nywele, na chombo chake kilikuwa kimefungwa ndani ya mfuko, kimekauka salama, kimepinda kwa namna ya kufanana. Si kufanana kabisa. Akakipandisha kabatini. Alijiona mwizi hasa.

Jioni ile mzee alikula kidogo, akalala mapema. Kesho yake hakula. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa ameketi mbele ya bakuli, vijiti vimelazwa.

"Mama, wali unapoa," Kim-sang akasema.

"Yule alikuwa anaangalia mlango," mzee akasema. "Huyu anaangalia ukuta."

Fung-kiau akaweka kijiko chini. "Si unajua vinageuka, Mama. Labda upepo..."

"Mke wa mwanangu. Nimekaa na wewe miaka ishirini na zaidi. Umenijibu jeuri, umenichomea samaki, lakini hujawahi kunidanganya. Usianze leo. Amepasuka?"

Kim-sang akamtazama mkewe, na usoni pake Fung-kiau akaona rangi ikitoka, kama mtu anayengoja karatasi ya majibu kwa daktari.

"Amepasuka," Fung-kiau akasema.

Kim-sang akasimama. Mkewe alidhani anakwenda kulala. Badala yake wakamsikia anafungua mlango wa karakana, mlango ambao hakuwa ameuvuka tangu siku ya daktari. Wakamsikia anafukua, anakohoa, anafukua. Alirudi na maranda kwenye mikono ya shati, macho mekundu, na chombo kilichopasuka kimebanwa kifuani. Akakiweka mezani katikati ya mabakuli.

"Tangu lini?" akauliza alipopata pumzi.

"Tangu jana mchana."

"Jana jioni mimi nilikula nini?"

"Wali. Na tofu."

"Mabakuli mangapi?"

"Mawili."

"Mama, umesikia? Baba amepasuka mchana, mwana akala mabakuli mawili jioni. Na usiku nilikoroma, muulize huyu." Alitaka iwe mzaha, lakini sauti ilimkatikia njiani. "Nipo, Mama. Mgonjwa, lakini nipo. Niguse."

Bibi kizee hakumgusa. Alikuwa anatazama ule ufa, na machozi yakaanza kumtoka bila uso kubadilika.

"Hujui," akasema. "Hata nikikugusa, wewe si wangu."

"Mama?"

"Mtoto anayepewa mti hukombolewa akitimiza miaka kumi na sita. Unapeleka kuku mzima, nyama ya nguruwe na ngisi mkavu, unashukuru, unamfungua uzi aliofungwa shingoni siku ya kupewa mti, unarudi naye. Mwaka wako baba yako alikuwa amelazwa. Tulikuwa na kuku mmoja, nikamuuza. Nikasema, mwakani. Mwakani nikasema, mwakani. Halafu ukaota ndevu, nikaona haya kumpandisha kilimani dume lenye ndevu nimeshika uzi." Akajipangusa kwa kiganja. "Sikukukomboa. Mpaka leo uko kwake. Sasa yeye ameanguka, nitamdai nani?"

Kim-sang akakaa. Miaka yote alidhani mama yake anaogopa tu kama wazee wanavyoogopa. Hakujua kwamba alikuwa anajishitaki.

Fung-kiau ndiye aliyesimama wa kwanza. "Kisiki si bado kipo?" akauliza.

Mzee akamtazama.

"Mti umeanguka, Mama, kisiki kipo, na mizizi ipo. Kuku wapo sokoni. Nani kasema kuna ndevu zisizokombolewa?"

Walipanda asubuhi ya siku ya soko, kwa pikipiki tatu za kukodi, njia ya nyuma: bibi kizee ya mbele na kuku amempakata, Kim-sang ya pili, Fung-kiau ya tatu na nyama na ngisi. Mzee Lo akatoka hekaluni akiwa na ufagio, akawasikiliza, akakuna kichwa.

"Kukomboa huyu? Wenzake wa rika lake wana wajukuu mjini! Taratibu ni miaka kumi na sita."

"Nimechelewa," bibi kizee akasema. "Ulitaka niseme nini? Nimechelewa."

Mzee Lo akafungua mdomo, akaufunga. Akaenda mwenyewe kuleta meza ya sadaka, akaipangusa kwa mkono wa shati lake, akaiweka mbele ya kisiki. Waliokuwa wamekuja kuchoma udi wakasogea kutazama. Vijana wawili wakachekelea. Mama mmoja akawakanya.

Udi ukawashwa. Bibi kizee akatoa kwenye kikopo cha chai uzi uliokuwa mwekundu zamani, sasa rangi ya kutu, uzi wa shingo ya mtoto mchanga. Haukumtosha. Fung-kiau akavuta kamba ya aproni yake, akaunganisha, akamfunga mumewe shingoni, mumewe amepiga magoti mbele ya kisiki kinachonuka kafuri, kipara chake kinang'aa juani.

Mzee Lo akarusha vipande viwili vya mti, bapa upande mmoja na mbinuko upande wa pili, vya kumuuliza Babu Mkafuri kama amekubali. Vikaanguka, vyote viwili bapa juu. Watu wakanong'ona.

"Anacheka, hajakubali," Mzee Lo akasema.

"Acheke," bibi kizee akajibu. "Hata mimi ningecheka. Rusha tena."

Vikarushwa tena. Kimoja kikalala bapa juu, kingine mgongo juu. Amekubali.

Bibi kizee akainama kufungua uzi. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, na fundo la Fung-kiau lilikuwa la mtu aliyezoea kufunga mizigo. Akahangaika. Mzee Lo akaleta mkasi.

"Haukatwi," bibi kizee akafoka. "Unafunguliwa."

Basi wakangoja. Jua likapanda, nzi wakamjia kuku, na hakuna aliyeondoka, hata wale vijana wawili. Kim-sang akakohoa, fundo likarukaruka shingoni. Mama yake akamwambia atulie kama alivyokuwa akimwambia zamani akimkata kucha. Mwishowe akasema bila kuinua kichwa, "Njoo wewe mwenye vidole. Shika hapa. Usivute, shika tu." Fung-kiau akapiga magoti upande wa pili, akashika, na vidole vya wanawake wawili vikawa vinagongana chini ya kidevu cha mwanamume mmoja, mpaka fundo likalegea, likatoka.

Bibi kizee akaukunja uzi, akautia kwenye moto wa udi. Ukateketea mara moja, kwa moto mdogo kuliko walivyotarajia.

"Haya," akasema. "Twende nyumbani, mwanangu."

Kim-sang alijaribu kunyanyuka, pumzi ikakataa. Wanawake wawili wakamshika, kila mmoja kwapa moja, wakamnyanyua.